Mambo? Sawa. Shida. Historia fupi ya simu na vidonge

Leo tuache kidogo habari za seva na lugha za programu. Kila mtu anayeandika programu za simu hapa Kenya kwa muda mrefu kidogo huishia kuombwa kitu kimoja: programu ya kumkumbusha mtu ameze dawa. Ombi huja kwa sura nyingi, mara la kisukari, mara la presha, mara la kifua kikuu, lakini mara nyingi zaidi ni la virusi vya Ukimwi, na siku hizi si la matibabu tu bali la kinga pia. Wazo linaonekana rahisi mno. Simu ina saa, ina kengele, ina kioo. Dawa inamezwa kila siku. Basi kengele ilie, mtu ameze, abonyeze "nimemeza", mambo yaishe. Kazi ya wikendi moja.

Wazo hili lina historia ya karibu miaka 20 hapa hapa nyumbani, na historia hiyo haiisifu kengele hata kidogo. Mtu akiijua kabla ya kuandika mstari wa kwanza ataandika programu tofauti, kwa hiyo nimeamua kuisimulia, nikiwafikiria zaidi watu wa huku kwetu Embu na Meru. Mimi si daktari. Naandika kama mtu wa programu aliyesoma ripoti za madaktari.

Kwanza tuelewane kuhusu dawa zenyewe, maana watu huzichanganya. ARV humezwa na mtu aliye na virusi, kila siku, maisha yake yote, na zikifanya kazi vizuri virusi hupungua damuni hadi vipimo visivione. PrEP ni kitu kingine: humezwa na mtu ambaye HANA virusi, ili asiambukizwe. Vidonge vya PrEP vilivyozoeleka vina dawa mbili, tenofovir na emtricitabine, na kwa mwanamke vinataka kumezwa karibu kila siku ili vimkinge sawasawa. Shika tofauti hii, maana ndiyo itakayotusumbua huko mbele. Wa kwanza ni mgonjwa anayejua ni mgonjwa. Wa pili ni mtu mzima kabisa, haumwi popote, lakini anaambiwa ameze kidonge.

Sasa turudi nyuma. Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mwezi Novemba 1999. Wakati huo ARV zilikuwa za wenye pesa. Miaka michache baadaye fedha za Marekani kupitia mpango wa PEPFAR, ulioanza 2003, pamoja na za Global Fund, zilileta dawa hadi hospitali za kawaida, na mwaka 2006 serikali ikaondoa malipo ya ARV katika vituo vyake. Mwaka uliofuata, Machi 2007, Safaricom wakazindua M-PESA. Nataja mambo haya mawili pamoja kwa makusudi: dawa na simu vilifika mikononi mwa mwananchi karibu wakati mmoja. Mtu aliyekuwa akianza ARV mwaka 2007 alikuwa pia akijifunza kutuma pesa kwa Nokia yenye tochi.

Mwezi Mei 2007 ndipo likaanza jaribio ambalo kila mtu wa fani hii analitaja hadi leo. Liliitwa WelTel Kenya1, likiongozwa na daktari wa Kanada, Richard Lester, pamoja na wenzake Wakenya. Vituo vilikuwa vitatu: kliniki ya Pumwani, kituo cha hospitali ya Coptic, vyote vya Nairobi, na kituo kimoja cha Kajiado. Wagonjwa 538 waliokuwa wakianza ARV waligawanywa kwa bahati nasibu, 273 wapate ujumbe wa simu na 265 wapate huduma ya kawaida.

Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja. Kila Jumatatu asubuhi simu ililia na kusema: "Mambo?"

Basi. Hakuna kutaja dawa, wala kliniki, wala virusi. Mgonjwa alipewa saa 48 ajibu "Sawa" au "Shida". Aliyejibu shida, muuguzi alimpigia simu. Aliyenyamaza, muuguzi alimpigia pia. Matokeo yalichapishwa Novemba 2010 katika jarida la The Lancet la Uingereza. Waliopata ujumbe, 168 kati ya 273 walisema wamemeza dawa ipasavyo, yaani asilimia 62. Upande wa pili walikuwa 132 kati ya 265, asilimia 50. Na kwa kuwa maneno ya mdomo ni maneno ya mdomo, walipimwa damu pia: virusi vilikuwa vimedhibitiwa kwa asilimia 57 ya waliopata ujumbe na asilimia 48 ya wasioupata.

Kwa mtu wa programu, mpango huu ni mdogo kiasi cha kuchekesha. Hauna kioo cha kugusa, hauna akaunti wala nenosiri. Ukitaka unaweza kuuendesha kwa daftari na simu moja. Lakini utazame kwa makini. "Mambo?" ni salamu ambayo kijana yeyote humtumia mwenzake. Mume akiisoma kwenye simu ya mkewe, haoni kitu. Mama mkwe akiisoma, haoni kitu. Wakati ule watu wengi walitumia simu moja nyumba nzima, na jaribio liliwakubali hata hao. Pili, ni swali. Kengele inasema na kunyamaza, lakini swali linasubiri. Na aliyekuwa akisubiri upande wa pili hakuwa kompyuta, alikuwa muuguzi mwenye kredi kwenye simu yake. Wagonjwa walipohojiwa baadaye walieleza kwamba walihisi kuna mtu anayewajali.

Wakati huo huo, huko Chulaimbo karibu na Maseno, upande wa Kisumu, Cristian Pop-Eleches na wenzake walikuwa wakifanya jaribio jingine lenye watu 431. Hawa walitumiwa ukumbusho, si swali. Wengine waliupata kila siku, wengine mara moja kwa wiki, mfupi au mrefu, na dawa yao ilikaa kwenye kichupa chenye kifuniko kinachohesabu kila kinapofunguliwa. Matokeo ya mwaka 2011 yalimshangaza kila aliyedhani kwamba ukumbusho mwingi ndio mzuri. Katika makundi ya wiki, asilimia 53 walifikia kiwango cha kumeza angalau dozi 90 kati ya kila 100 kwa muda wa wiki 48, dhidi ya asilimia 40 ya wasiopata ujumbe wowote. Ujumbe wa kila siku haukuleta tofauti hiyo. Kurefusha ujumbe kwa maneno ya kutia moyo nako hakukuongeza kitu. Nadhani sote tunajua sababu, maana sote tuna programu kwenye simu zetu zinazopiga kelele kila siku, na kidole kimeshazoea kuzifuta bila macho kusoma.

Hapo ndipo PrEP inapoingia. Julai 2011 yalitangazwa matokeo ya Partners PrEP, jaribio la Kenya na Uganda lenye wanandoa zaidi ya 4,700 ambao mmoja ana virusi na mwenzake hana. Thika ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Kidonge chenye dawa mbili kilipunguza maambukizi kwa asilimia 75, chenye tenofovir pekee kwa asilimia 67. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini miezi mitatu tu kabla ya hapo, Aprili 2011, jaribio jingine la kidonge kile kile chenye dawa mbili, FEM-PrEP, lililokuwa Bondo, Arusha na Afrika Kusini, lilisimamishwa kwa sababu halikuonyesha kinga yoyote. Dawa moja, majibu mawili!

Maelezo yalikuwa damuni. Katika FEM-PrEP takriban asilimia 95 ya wanawake walisema wanameza dawa kila mara au karibu kila mara. Damu ilipopimwa, chini ya asilimia 40 walikuwa na dalili ya kuimeza karibuni. Hili ningependa libandikwe ukutani mwa kila anayetengeneza programu yenye kitufe cha "nimemeza". Kitufe hicho kinahesabu mibonyezo, na mbonyezo hauna tenofovir ndani yake. Wala tusiwaite wale wanawake waongo. Mtu anayeulizwa na daktari anajua jibu linalotakiwa, na programu iliyojaa nyota na pongezi inauliza kwa sauti ile ile.

Na kwa nini wanandoa wa Partners PrEP walimeza? Watafiti waliowahoji baadhi yao Uganda walipata kwamba kidonge kilikuwa njia ya kuendelea kuishi pamoja, na mwenzi alikuwa akikumbusha. Ndani ya nyumba kulikuwa na mtu aliyejua siri na aliyetaka kidonge kimezwe. Msichana wa Bondo wa miaka 20 aliyekificha kichupa chini ya godoro hakuwa na mtu huyo.

Mwezi Mei 2017 Kenya ilianza kutoa PrEP nchi nzima. Kufikia hapo simu nazo zilikuwa zimebadilika. Wengi mtakumbuka Huawei IDEOS iliyoletwa na Safaricom mwaka 2011 kwa takriban shilingi 8,000, simu ya kwanza ya Android ambayo mwalimu au mwenye duka angeweza kuifikiria. Baada yake zikaja za Tecno na Infinix, na kila mradi wa afya ukataka programu yake.

Lakini jaribio kubwa la kuangalia kama ukumbusho wa simu unawasaidia wasichana kumeza PrEP lilitumia SMS bado. Liliitwa MPYA, likafanyika Thika na Kisumu, na likachapishwa mwaka 2021 na Jessica Haberer na wenzake. Wanawake 348 wa miaka 18 hadi 24 walipewa kikasha cha kielektroniki kinachotuma taarifa kila kinapofunguliwa. Nusu yao walipata ujumbe, mwanzoni kila siku, baadaye wakaweza kuchagua uje pale tu kikasha kisipofunguliwa. Kiufundi hii ni kazi safi sana: kihisio, mtandao, ujumbe unaojua wakati wa kuja. Matokeo? Katika miezi 24 vikasha vilifunguliwa kwa wastani wa takriban asilimia 27 ya siku zilizotakiwa, na waliopata ujumbe hawakutofautiana na wasioupata. Kusahau halikuwa tatizo lao kubwa, na ujumbe unatibu kusahau peke yake.

Nisipendelee upande wangu. Ingekuwa vizuri kusema kwamba palipo na muuguzi panafaulu daima, lakini mwaka 2018 yalitoka matokeo ya WelTel Retain, jaribio la mitaa ya Nairobi lenye watu 700 lililotumia ujumbe wa namna ile ile kuona kama utawafanya wagonjwa wapya wabaki kwenye huduma mwaka wa kwanza. Haukuongeza kitu. Kwa hiyo hata "Mambo?" si uganga. Ilisaidia watu waliokwisha anza ARV kuendelea kumeza. Haikumzuia mtu anayehama mtaa, anayetafuta kibarua, au anayeogopa kuonekana kwenye foleni.

Majaribio yote niliyoyataja hadi sasa hayakufanyika Meru wala Embu. Kiwango cha maambukizi huku ni cha chini kuliko kaunti za ziwani, na watafiti huenda kwenye moto mkubwa. Tukifuata barabara, mji wa majaribio ulio karibu nasi ni Thika, na kutoka Thika hadi Laare mambo hubadilika mara kadhaa.

Chukua umeme. Mabwawa ya Seven Forks kwenye mto Tana, kuanzia Kindaruma ya 1968 hadi Kiambere ya 1988, yako mpakani mwa Mbeere, na kwa miongo mingi yalimulika Nairobi huku nyumba za Mbeere zikiwasha koroboi. Mradi wa serikali wa kusogeza nguzo hadi vijijini ulianza 2015 na umefika wengi, si wote. Mtu anayepeleka simu sokoni ichajiwe kwa malipo huizima usiku ili chaji isiishe. Programu iliyo kwenye simu iliyozimwa haipigi kengele.

Au chukua kijana wa miraa wa Igembe. Miraa hunyauka kwa siku mbili hivi, ndiyo maana zile pikapu hupita kwa mbio zinazotutisha sisi wengine. Mchumaji huamka kabla ya jua, dereva hulala mchana, mfungaji hufanya kazi mzigo unapofika. Programu inayouliza "unameza saa ngapi kila siku?" imeshakosea kwenye skrini ya kwanza. Kichupa cha vidonge nacho hulia mfukoni kama kayamba, na wenzake kwenye pikapu wana masikio. Hili la mlio ni lalamiko la zamani la watumiaji wa PrEP sehemu nyingi, na hakuna mstari wa programu unaoweza kulituliza. Kipande cha pamba ndani ya kichupa kinaweza.

Halafu kuna jambo ambalo ni letu kabisa sisi wa programu. Kengele za Android hazitegemeki kama mteja anavyodhani. Tangu Android 4.4 ya mwaka 2013, kengele ya kawaida ya programu inaweza kucheleweshwa ili kuokoa betri. Android 6.0 ya 2015 ilileta Doze, inayolaza programu simu ikikaa kimya. Android 12 ya 2021 ikadai ruhusa maalumu kwa kengele ya dakika kamili. Baadhi ya watengenezaji wa simu za bei nafuu wameongeza ukali wao juu ya hapo, na kuua chochote kinachojificha nyuma ya kioo. Simu zinazoathirika zaidi ndizo walizonazo watu tunaotaka kuwasaidia. Na nafasi ikijaa, ambayo ni GB chache tu, kati ya picha za harusi za WhatsApp na programu ya dawa, kinachofutwa ni kipi? SMS haifutwi hivyo, haiombi ruhusa, haiombi bando. Ndiyo maana sicheki ninapoona mfumo wa Ushauri, unaotumika kukumbusha miadi ya kliniki, ukitegemea SMS hadi leo, ingawa ilikuja pia Nishauri, programu ya simu kwa wateja wa huduma hizo.

Kama kuna jaribio la Thika ambalo ningemshauri mtu wa Mbeere au Tharaka alisome, si la simu. Linaitwa JiPime-JiPrEP, la mwaka 2022. Watumiaji wa PrEP walipewa vidonge vya miezi 6 kwa mara moja badala ya 3, pamoja na vifaa vya kujipima nyumbani. Safari za kliniki zikapungua nusu, na umezaji haukuwa mbaya zaidi. Fikiria nauli ya bodaboda na matatu kutoka Kiambere hadi Embu mjini na kurudi, na siku nzima bila kibarua. Kuiondoa safari moja kati ya mbili kunamsaidia mtu huyo kuliko skrini yoyote niwezayo kuchora.

Programu zina nafasi, ila nafasi hiyo iko zaidi upande wa kliniki. Mwaka 2001, kituo cha Mosoriot karibu na Eldoret kilianza kutumia mfumo mdogo wa rekodi za wagonjwa, kazi ya Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana. Kutokana na uzoefu huo ikazaliwa OpenMRS mwaka 2004, programu huria inayotumika nchi nyingi, na KenyaEMR iliyo kwenye vituo vyetu imejengwa juu yake. Mfumo wa namna hiyo ukiandaliwa vizuri unamwambia muuguzi asubuhi: hawa wanne hawakuja, anza na huyu. Hiyo nayo ni kengele, lakini inamlilia mtu anayelipwa kuisikiliza.

Anayelipwa. Tarehe 20 Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Wafanyakazi wengi wa kliniki za Ukimwi walioajiriwa kupitia miradi hiyo, Kenya ikiwemo, waliambiwa wakae nyumbani. Mwezi Februari baadhi ya kazi za PEPFAR ziliruhusiwa kuendelea, lakini ruhusa hiyo ilitaja PrEP kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Kijana wa miraa hayumo, wala msichana wa chuo asiye na mimba. Julai mosi 2025 USAID ikafungwa rasmi. Simu zilibaki na kengele zake zote. Aliyetakiwa kupiga baada ya "Shida" ndiye hakuwepo, na programu iliyojengwa kana kwamba atakuwepo daima ilibaki ikiuliza swali lisilo na msikilizaji.

Na huku hayo yakiendelea, dawa yenyewe inabadilika. Juni 2025 Marekani iliidhinisha lenacapavir kama kinga, dawa ya kudungwa kila miezi 6. Katika jaribio la Afrika Kusini na Uganda lililotangazwa 2024, kati ya wanawake 2,134 waliodungwa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Kwa anayetengeneza programu hiyo ina maana ya kengele 2 kwa mwaka badala ya 365, jambo linaloonekana kuwa nafuu. Tatizo ni kwamba miezi 6 ni mingi katika maisha ya laini ya simu. Watu hubadilisha laini, hupoteza simu, na namba isiyotumika kwa muda hufungwa ikauzwa kwa mtu mwingine kabisa. Ujumbe wa "sindano yako ya kinga ya VVU ni Jumanne" ukimfikia huyo mgeni, umemwaga siri ya mtu. Ukiwa ni "Mambo?" tu, atajibu, "Poa, nani mwenzangu?"